Mjamzito Mwenye Uraibu: Jinsi ya Kumhudumia ili Arudi Kliniki

Mjamzito anayetumia heroini, pombe au dawa nyingine ya kulevya hahitaji kuambiwa kwamba anamhatarisha mtoto. Analijua, na linamkosesha usingizi. Akifika kliniki kwa mara ya kwanza na mimba ya miezi saba, mara nyingi kilichomchelewesha ni hofu: kukaripiwa mbele ya wenzake, kuitiwa polisi, kunyang'anywa mtoto akishajifungua. Mwongozo huu tumewaandikia wakunga, wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii wanaompokea mama huyo. Sisi huipima huduma kwa swali moja: baada ya hudhurio la kwanza, je, alirudi? Dozi zote zilizoandikwa hapa chini hazimfai mama aliyekimbia.

Kabla hajaketi

Anza na maneno yanayosemwa mapokezi na yanayoandikwa kwenye faili. "Teja" na "mlevi" yafutwe, hata wahudumu mnapozungumza wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu kuta za wodi ni nyembamba. Andika: mama mwenye uraibu wa heroini, yuko kwenye methadoni (dawa ya kutibu uraibu huo). Mkojo usiitwe msafi au mchafu; sema dawa imeonekana au haikuonekana. Na hakuna mtoto anayezaliwa mraibu. Uraibu ni kuendelea kutafuta na kutumia kitu licha ya madhara yake, na kichanga hatafuti kitu. Anachozaliwa nacho ni mwili uliozoea dawa, hali inayotibika na kupita.

Kila mjamzito, awe nani, apewe dakika chache za kuonwa peke yake. Likiwa ndio utaratibu wa kliniki kwa wote, mume au mama mkwe hatashuku kwa nini ameombwa asubiri nje. Katika dakika hizo ndipo unapouliza pia kuhusu kupigwa na kutishwa nyumbani, mambo yanayoandamana sana na uraibu.

Jambo la mwisho kabla ya maswali: jua sheria ya mahali unapofanya kazi inakutaka utoe taarifa ya nini, kwa nani, na lini. Mwambie mama hayo *kabla* hajajibu. Akiyajua baada ya kukufungulia moyo, utakuwa umempoteza.

Namna ya kuuliza

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unataka wajawazito wote waulizwe kuhusu pombe na dawa za kulevya, mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio. Ukiuliza wachache unaowashuku kwa mavazi au umaskini wao, utawakosa wengi na utawaonea wengine.

Omba ruhusa kwanza: "Mama, haya maswali namuuliza kila mjamzito. Majibu yananisaidia kuchagua dawa zisizokudhuru wewe na mtoto. Naweza kuendelea?" Kisha panga maswali kutoka mepesi kwenda mazito: sigara, pombe, vidonge vya usingizi na vya maumivu, bangi, halafu heroini, kokeini na methamfetamini. Swali la "Unakunywa pombe?" hujibiwa "hapana" kwa haraka. "Mwezi mmoja kabla hujajua una mimba, ulikuwa unakunywa kiasi gani kwa wiki?" hupata jibu la kweli mara nyingi zaidi, kwa kuwa halimlazimishi kukiri kosa.

Akisema ndiyo, shukuru, usigune. Uliza ni dawa gani, anaitumiaje, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na anajisikiaje akiikosa. Saa ya matumizi ya mwisho iandike kwenye faili. Itakuongoza kuchagua dozi ya kwanza. Anayejidunga umuulize pia kuhusu kuchangia sindano, vidonda na majipu.

Kupima mkojo hakuchukui nafasi ya mazungumzo haya, na kusifanywe bila ridhaa yake. Kipimo cha haraka hakisemi ametumia kiasi gani wala kama ana uraibu. Pia hudanganya. Labetaloli, dawa ya presha inayotumika sana kwa wajawazito, inaweza kuleta jibu la uongo la amfetamini. Kipimo cha kawaida cha jamii ya morfini hakioni fentanili (dawa kali ya maumivu), methadoni wala buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini. Na mama aliyewekewa ganzi ya mgongoni yenye fentanili wakati wa uchungu anaweza kuonekana na fentanili mkojoni, naye mtoto vilevile: dawa mliyompa nyinyi wenyewe. Jibu la namna hii lisipelekwe popote kabla ya kuthibitishwa na maabara.

Vipimo vya damu ni vile vya kila mjamzito, ukiongeza homa ya ini C: VVU, kaswende, homa ya ini B, wingi wa damu. Mchunguze kifua kikuu. Rudia VVU na kaswende miezi mitatu ya mwisho. Fanya ultrasaundi mapema, maana wanawake wengi wanaotumia heroini hedhi zao hazina mpangilio na tarehe ya mwisho huwa ya kukisia. Mishipa ikiwa imeharibika, muulize ni upi bado unatoa damu. Anaujua kuliko wewe, na kumchoma mara sita kwa ubishi ni ukatili.

Vitu vitatu visivyoachwa ghafla

Ushauri wa "acha leo kwa ajili ya mtoto" unaweza kuua. Anayekunywa pombe nyingi kila siku akiiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 6 hadi 48, na kuchanganyikiwa kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Alazwe, apewe benzodiazepini (dawa za kutuliza kama diazepamu) kwa siku chache chini ya uangalizi, na apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa thiamini huweza kuharibu ubongo. Disulfiramu, dawa ya kumfanya mtu aichukie pombe, isitumike katika ujauzito. Degedege kwa mjamzito isipachikwe pombe moja kwa moja. Kifafa cha mimba kichunguzwe kwanza.

Benzodiazepini nazo hupunguzwa taratibu, kwa wiki, kwa hofu ile ile ya degedege.

Cha tatu ni jamii ya opioidi: heroini, morfini, tramadoli, fentanili. Hapa tiba inayopendekezwa ni kuendelea na methadoni au buprenofini kwa muda wote wa ujauzito na baada yake. Sababu kubwa ni kwamba wengi waliosafishwa mwili haraka hurudia matumizi, na hurudia wakati mwili umeshasahau dawa, kwa hiyo kipimo walichokizoea zamani kinawazima pumzi. Dozi thabiti ya kila siku pia humwondolea mtoto tumboni ile panda-shuka ya kulewa na arosto (mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea) mara kadhaa kwa siku. Familia nyingi zitakuambia huku ni kubadilisha uraibu kwa uraibu. Keti nao uwaeleze kwa utulivu. Ndugu aliyeshawishika huacha kumshinikiza mama aache dawa.

*Methadoni.* Siku ya kwanza huanza miligramu 10 hadi 30, ukimwangalia saa 2 hadi 4 baada ya kunywa. Ongeza miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa, si kila siku. Dawa hii hujilimbikiza: dozi iliyoonekana ndogo Jumatatu inaweza kumlaza fofofo Ijumaa bila kuongezwa tone. Vifo vingi vya methadoni hutokea wiki mbili za mwanzo, hasa ikichanganywa na pombe au benzodiazepini. Fanya kipimo cha umeme wa moyo kwa mwenye historia ya moyo, na kumbuka kwamba ondansetroni ya kichefuchefu huvuta muda wa QT (kipande cha mchoro wa umeme wa moyo; ukirefuka sana mapigo yanaweza kuvurugika) kama methadoni inavyofanya.

Kutapika huwasumbua sana wajawazito. Dawa ya kichefuchefu itangulie nusu saa, na methadoni anywe taratibu. Akitapika mbele yako ndani ya dakika 15, utaratibu wa vituo vingi ni kurudia dozi. Zikipita dakika 30 usirudie, msubiri uone kama arosto inakuja. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, usimpe dozi ile ile ya zamani. Punguza na upande upya.

*Buprenofini.* Huwekwa chini ya ulimi mpaka iyeyuke. Ikimezwa haifanyi kazi ipasavyo. Kosa la kawaida ni kuianza mapema. Inashika vipokezi vya ubongo kwa nguvu kuliko heroini, kwa hiyo ikiikuta heroini bado mwilini huing'oa, na mama huingia arosto kali kwa dakika chache. Subiri saa 12 hadi 24 tangu heroini ya mwisho, na zaidi ya saa peke yake, subiri dalili: miayo, kamasi, jasho, mboni kupanuka, vinyweleo kusimama, tumbo kusokota. Tumia kipimo cha COWS, orodha ya kupima ukali wa arosto kwa alama, mpaka afike alama 8 au zaidi. Mpe miligramu 2 hadi 4, mwangalie saa moja hadi mbili, rudia kadiri anavyohitaji. Wengi hufika miligramu 8 siku ya kwanza na 12 hadi 16 siku ya pili. Wengi hutulia kwenye 16, wengine 24. Arosto ikimkamata baada ya dozi ya kwanza, usimwache aondoke: mweleze kilichotokea, mtibu kutapika, na mara nyingi dawa yake ni kuongeza buprenofini. Akiondoka wakati huo, atatafuta heroini nje.

Ipi bora? Katika utafiti wa MOTHER uliochapishwa mwaka 2010, watoto wa akina mama waliokuwa kwenye buprenofini walihitaji morfini pungufu sana na walikaa hospitalini wastani wa siku 10, wakati wale wa methadoni walikaa 17.5. Lakini akina mama waliopewa buprenofini waliacha tiba kwa wingi zaidi. Tunachoshauri: anayeanza upya achague mwenyewe akishaelezwa, aliyetulia kwenye methadoni asihamishwe kwa sababu tu ana mimba.

Kadiri mimba inavyokua, mwili huivunja methadoni haraka. Miezi mitatu ya mwisho mama anayekuja akisema "dozi inaisha usiku" anasema kweli. Hapa ndipo wahudumu wengi wanapokosea: wanadhani anadanganya ili alewe, wanamnyima, naye anajazia pengo kwa heroini. Ongeza dozi, au igawe mara mbili kwa siku ili kiwango kisipande na kushuka sana. Dozi kubwa ya mama haitabiri ukali wa arosto ya mtoto, kwa hiyo usiibane kwa kisingizio cha kumlinda. Na unapopima mapigo ya mtoto tumboni, pima saa 4 hadi 6 baada ya dozi; mara tu baada ya methadoni mtoto hutulia na utashtuka bure.

Kokeini na methamfetamini hazina dawa mbadala iliyothibitishwa. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mfululizo pamoja na zawadi ndogo ndogo za papo hapo kwa kila hatua anayopiga. Mama aliyezitumia akija na damu na tumbo gumu lenye maumivu, mchukulie kondo limebanduka mpaka ithibitike vinginevyo. Sigara huwa inasahaulika kwenye faili zenye heroini, nayo humdumaza mtoto tumboni. Msaidie aiache au aipunguze.

Siku ya uchungu

Dozi yake ya kila siku aipate kama kawaida, asubuhi ile ile, hata kama anakwenda chumba cha upasuaji. Lakini dozi hiyo haimtulizi uchungu, inamzuia tu asiingie arosto. Maumivu yanahitaji tiba yake: ganzi ya mgongoni mapema ikipatikana, halafu baada ya kujifungua parasetamoli na ibuprofeni kwa saa maalumu, bila kusubiri alalamike. Baada ya upasuaji anaweza kuhitaji morfini nyingi kuliko mwenzake wa kitanda cha jirani, kwa kuwa mwili wake umeizoea. Mpe, ukihesabu pumzi zake. Dozi ya methadoni au buprenofini inaweza pia kugawanywa kila saa 6 hadi 8, maana nguvu yake ya kupunguza maumivu huisha mapema.

Dawa za maumivu za pentazosini, nalbufini na butofanoli zisimguse. Zitamtumbukiza arosto katikati ya uchungu. Liandike hilo kwa wino mwekundu juu ya faili na ulitamke wakati wa kukabidhiana zamu.

Mtoto akizaliwa hapumui vizuri, mpe pumzi kwa mfuko na barakoa. Naloksoni (dawa inayozima nguvu ya opioidi) kwa kichanga wa mama aliyezoea opioidi iepukwe, inaweza kumletea degedege.

Mtoto na arosto yake

Mweleze mama miezi kabla, asije akashtuka wodini: mtoto anaweza kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kupiga chafya, kunyonya kwa pupa bila mpangilio, kuharisha. Arosto ya heroini huanza mara nyingi ndani ya saa 24. Ya methadoni na buprenofini huchelewa, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana mtoto wa methadoni au buprenofini huangaliwa siku 4 hadi 7 kabla ya kuruhusiwa. Anayeruhusiwa siku ya pili kwa kuwa "yuko sawa" anaweza kurudi na degedege.

Dawa ya kwanza ya mtoto huyu ni mama yake. Chumba kimoja, ngozi kwa ngozi, mwanga hafifu, sauti ndogo, kuviringwa kwenye kitambaa, kunyonyeshwa kidogo kidogo na mara nyingi. Badala ya orodha ndefu ya alama, uliza matatu: Je, amenyonya vizuri au amekunywa angalau mililita 30? Je, amelala saa moja mfululizo? Je, akilia anatulia ndani ya dakika 10? Jibu likiwa hapana kwa sababu ya arosto, kwanza ongeza utulivu na mikono ya kumbeba. Ikishindikana, ndipo morfini. Jaribio lililofanyika katika hospitali 26 za Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 lilionyesha watoto wa njia hii walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya wastani wa siku 8.2 badala ya 14.9 za huduma ya kawaida, na waliopewa dawa walikuwa asilimia 19.5 badala ya 52.

Njia hii haiwezekani kama mama ameruhusiwa na mtoto amebaki. Mtafutieni kitanda, kiti, chochote, na dozi yake ya kila siku imfuate wodini.

Kunyonyesha kuhimizwe kwa mama aliyetulia kwenye methadoni au buprenofini, kwa dozi yoyote. Kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Homa ya ini C haizuii, isipokuwa chuchu zina mipasuko inayotoa damu: hapo akamue na kumwaga mpaka zipone. Anayeendelea na heroini, kokeini au methamfetamini asaidiwe kulisha kwa njia nyingine kwa sasa, bila kuaibishwa. Kwenye VVU fuata mwongozo wa nchi yako.

Mwaka mzima baada ya hapo

Wakati wa mimba kila mtu anamfuatilia. Wiki sita zikipita, kliniki inamsahau. Utafiti wa jimbo la Massachusetts uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kuzidiwa na dawa kulikuwa kwa nadra zaidi miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na kwa wingi zaidi kati ya mwezi wa 7 na wa 12 baada ya kujifungua. Usingizi umekatika, huzuni imeingia, mwili umepoteza mazoea. Kwa hiyo panga miadi ya mwaka mzima tangu siku anapotoka wodini, ya kwanza ndani ya wiki moja au mbili, na iwe siku moja na chanjo za mtoto ili asilipe nauli mara mbili. Pima huzuni kwa maswali 10 ya Edinburgh, na usiruke la kumi, linalouliza kuhusu kujidhuru.

Dozi isishushwe eti kwa kuwa amejifungua. Mwangalie: akisinzia mchana, punguza kidogo, akiwa macho na hana arosto, iache ilivyo. Njia za uzazi wa mpango zielezwe zote na achague mwenyewe, hata kama atachagua kusubiri. Kumwekea kitanzi kwa kumshinikiza akiwa bado ana maumivu ni kumdhulumu. Methadoni ya nyumbani ifungiwe kwenye kisanduku chenye kufuli; funda moja linatosha kumuua mtoto. Mtoto alale pembeni, chali, kwenye sehemu yake.

Mpe yeye na anayeishi naye naloksoni, na uwafundishe kwa vitendo. Mtu haamki, midomo imebadilika rangi, pumzi zinakoroma au zimesimama: ita msaada, mpe naloksoni miligramu 0.4 kwenye msuli au 4 ya kupuliza puani, mpe pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6, rudia dawa baada ya dakika 2 hadi 3 kama hajapumua. Akiwa mjamzito hupewa vilevile, kisha alazwe kwa ubavu wa kushoto. Akishaamka apelekwe hospitali, kwa sababu naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja na nusu au pungufu, na methadoni hubaki mwilini muda mrefu zaidi.

Akiteleza na kurudia matumizi, usimfukuze kwenye programu wala kumkata dozi kama adhabu. Uliza dozi ilitosha? Nyumbani kuna nini? Analala? Kisha panga miadi ya karibu zaidi, kesho ikiwezekana. Asipotokea, mpigie siku ile ile kwa namba aliyokubali itumike, bila kumtajia atakayepokea unapiga kutoka kitengo gani.